Kitambaa cha Kukamulia

Asteria alilimwaga sanduku lote kitandani kwa mara ya pili, ingawa mara ya kwanza ilitosha kumwonyesha kwamba kitambaa hakimo. Cheti cha ndoa kilikuwemo. Khanga alizozitunza bila kuzivaa zilikuwemo, na rozari ya marehemu shangazi, na hata ule mfuko wa karatasi ambamo kitambaa kilikaa miaka yote, umekunjwa vizuri kana kwamba aliyekichukua alikuwa na adabu zake. Jumapili mjukuu wake anabatizwa. Jumamosi mama yake anashuka kwenye basi kutoka Didia, na kitu cha kwanza atakachouliza, kabla hata ya maji ya kunywa, ni kitambaa hicho.

"Limi!" aliita. "Umegusa sanduku langu?"

Limi alitokea mlangoni na mtoto begani. Alikuwa binti yake wa kwanza, aliyerudi hapa Masumbwe kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa machimboni upande wa Geita, na chumba walichopanga huko hakikuwa na hata dirisha.

"Sijagusa, mama. Kwani kuna nini?"

"Kitambaa cha bibi yako hakipo."

Limi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya khanga za watu, wala mama yake hakumkemea.

Hakikuwa kitambaa cha dukani. Bibi Lusia, mama wa Asteria, alikisuka mwenyewe usichanani, kwenye misheni moja njia ya Tinde, alikofundishwa na mtawa wa Kizungu aliyekuja na mto mgumu wa majani, pini nyingi na vijiti vyembamba vilivyozungushiwa nyuzi. Vijiti vinapishana, nyuzi zinasukwa, pini zinashikilia, na mwezi ukiisha msichana amepata pindo la lesi lisilofika urefu wa mkono wake. Wenzake walichoka wakarudi kuchunga. Lusia akamaliza: katikati kitani cheupe kilichoshikamana hata maji yanasita kupita, pembeni lesi ya maua madogo. Asteria alipobatizwa alifunikwa uso kwa kitambaa hicho kutoka mlango wa kanisa hadi nyumbani, na mlangoni mama yake akamfunua na kumwita jina lake. Limi naye hivyohivyo. Haikuwa desturi ya kanisa wala ya Wasukuma. Ilikuwa ya nyumba yao tu, na padri mmoja aliwahi kuicheka. Lakini nyumba isiyo na ng'ombe inaweza kuwa na kitambaa, na hii ilikuwa nacho.

Enock aliporudi kutoka kazini jioni, mkewe alimsubiri anawe, akae, ashike kikombe cha chai. Alikishika kwa mikono miwili, kama alivyozoea siku hizi, na bado chai ilimwagikia suruali.

"Baba Limi, kitambaa kiko wapi?"

Enock hakuuliza kitambaa gani. Hapo hapo Asteria akajua.

"Kiko mwalo."

"Kimefuata nini mwalo?"

"Kile cha kukamulia kilichanika. Mchanga umeshaoshwa, zebaki imeshaingia, wenye mawe wamenisimamia kichwani. Nikakimbia hapa, wewe hukuwepo. Nikasema nakirudisha jioni ileile."

"Jioni ya lini?"

"Kwaresima ndiyo ilikuwa imeanza."

Pasaka ilishapita na watu wameshaisahau. Kila mtu Masumbwe anaijua kazi ya mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu: zebaki inaikamata dhahabu kwenye mchanga uliooshwa, kisha vyote viwili vinatiwa kwenye kitambaa na kukamuliwa kwa nguvu za mikono mpaka zebaki itoke na donge libaki, likachomwe. Kitambaa kilicholegea kinapitisha na mali ya watu. Kilichoshikamana hakipitishi.

"Kinakamua kuliko vyote," Enock alisema, na kwenye sauti yake kulikuwa na fahari kidogo, ambayo aliijutia papo hapo. "Magesa amekipenda."

"Pombe imekula akili yako yote."

"Sinywi, Mama Limi. Tangu Jumatano ya Majivu sijagusa."

"Na hiyo mikono?"

Enock aliweka kikombe chini, akaiingiza mikono katikati ya magoti. "Sijui," alisema.

Asteria hakumwamini. Miaka aliyomwamini alilipia.

*

Magesa, mwenye mwalo, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Asteria. Mtu mbaya unamtukana, unaondoka zako. Huyu alimkuta akiongea na simu, akamwonyesha kwa kidole asubiri, na Asteria akasubiri juani kando ya mabeseni, wanawake waliokuwa wakiosha marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, wakimkagua kuanzia kandambili mpaka kilemba. Baadhi yao aliwahi kuwapita njiani bila kuwasalimia, akijiona mke wa mkamuaji.

"Mama Limi, habari za mjukuu?"

"Nzuri. Nimefuata kitambaa changu, Magesa. Kile cheupe chenye lesi. Baba Limi alikileta bila kuniambia."

"Aah, kile." Magesa alitabasamu kwa kweli, kama mtu aliyetajiwa ng'ombe wake wa maziwa. "Kile siwezi kukupa. Unaijua taratibu. Kitambaa kikishakamua kwenye mwalo, ni cha mwalo. Dhahabu inabaki kwenye nyuzi. Vikichakaa nakusanya vyote nachoma, napata changu. Si mimi niliyeanzisha. Nenda mwalo wowote, hapa au Geita, utaambiwa hayohayo."

"Lakini ni cha mama yangu mzazi."

"Mama yako amekodi mwalo hapa?"

Wanawake wa marudio walicheka. Mmoja alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mkono wenye tope.

Asteria hakuwa amepanga kupiga magoti. Alijikuta tu ameshapiga, kwenye mchanga ulioloa, na khanga yake safi ya kutokea. "Nakuomba, baba. Ni cha kumfunikia mtoto wa Limi. Jumapili anabatizwa."

"Simama! Simama, mama, unanidhalilisha mbele za watu." Magesa alitazama huku na huku, kweli amefedheheka, na Asteria hakusimama kwa sababu aliona kwamba hapo chini ndipo anaposikilizwa. "Haya. Sikia. Mgao wa Baba Limi wa wiki hii ubaki kwangu, badala ya kilichomo kwenye nyuzi. Na Jumatatu aje na kitambaa kingine, kilichoshikamana vizuri, maana kazi haisimami. Hicho chako chukua."

Mgao huo ulikuwa mchele na mbuzi wa Jumapili. Asteria alisema asante. Alisema mara mbili, na njia nzima ya kurudi alijichukia kwa ile ya pili.

Walikitoa kwenye ndoo ya maji machafu, kutoka kati ya matambara mengine, wakamtilia kwenye kopo la rangi. Kilikuwa cha kijivu, kizito kama kipande cha nyama. Lesi ilikuwa nzima.

*

Alikifua kwa sabuni ya unga, akakisugua kwa ndimu, akakianika juu ya majani, akakifua tena. Kufikia Ijumaa mchana kilikuwa kimerudi karibu na weupe wake, na kule kurudi kulimpa Asteria furaha ambayo hakuipata hata siku aliyojifungua. Alikaa kibarazani akikinyoosha maua kwa kidole, moja moja. Limi alikwenda kliniki kumpima mtoto uzito akiwa na raha, na huko akamsimulia nesi kisa chote: baba, Magesa, magoti ya mama, ndoo.

Nesi huyo, Sesilia, alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Alipotoka kazini alipitia kwa Asteria kabla ya kwake, na akakataa kukaa.

"Dada, Limi ameniambia habari za kitambaa. Msimfunike nacho mtoto."

"Nimekifua, nesi. Kitazame."

"Naona. Zebaki haitoki kwa sabuni. Inakaa mle ndani ya nyuzi, na ikipata joto inapanda na hewa, wala huisikii harufu. Kiwekwe usoni pa mtoto, juani, avute pumzi njia nzima? Katoto ka wiki chache? Inapanda kwenye ubongo, dada."

Asteria alikikunja kitambaa haraka, kana kwamba ametukaniwa mwanawe. "Watu wa hapa wote wanaishi na zebaki. Mbona hawafi?"

Sesilia aliuliza jambo jingine. "Shemeji hali yake ikoje?"

"Mzima. Pombe tu."

"Anakunywa sana?"

Asteria alitaka kusema ndiyo. Ilimjia tu kwamba ni muda mrefu hajamsikia akirudi akiimba, na hajamfua matapishi. "Anasema ameacha."

"Na mikono inatetemeka."

"Inatetemeka."

"Fizi zinatoka damu? Anasahau sahau, anakasirika ovyo?"

"Sesilia, nina mgeni kesho, nyumba yenyewe haijafagiliwa."

"Mpelekeni hospitali ya mkoa akapimwe."

"Akishapimwa?"

Nesi alifungua mdomo, akatazama nyumba: bati, turubai la jikoni, nepi za mtoto kwenye kamba. "Angalau avae glavu," alisema. "Asikamue kwa mikono mitupu." Kisha akaenda zake, na Asteria hakumwambia Limi neno. Alijiambia kwamba atamwambia mama yake kesho, kwa utulivu, wakiwa wawili.

*

Bibi Lusia alishuka kwenye basi akiwa na kuku chini ya kwapa na viazi vikavu kwenye kiroba. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, ulimi haukupungua. Alimpokea kitukuu, akamgeuza, akamkagua masikio, akatamka kwamba ni wa ukoo wao na si wa upande mwingine, kisha akanyoosha mkono.

"Kiko wapi?"

Asteria alikileta. Mama yake alikipeleka karibu na jicho, akakipapasa pindo.

"Umekifua kwa sabuni. Nilikuambia nini kuhusu sabuni?"

"Kilikuwa na vumbi, mama."

"Vumbi gani la kwenye sanduku?" Lakini alikuwa na furaha mno kuendeleza ugomvi. Alikitumbukiza kifuani, ndani ya blauzi, mahali anapoweka noti zake na dawa ya kifua. "Leo nalala nacho. Kesho namfunika mwenyewe."

Asteria alikitazama kikizama na maneno yake yote yakazama nacho.

Enock alikuja kusalimia kwa heshima inayompasa mkwe. Hakuingia ndani, mama mkwe hapewi mkono wala hatazamwi usoni. Alichuchumaa nje ya ua wa mabua, akageuza uso pembeni, akasema shikamoo kupitia kwenye mabua, na Bibi Lusia akasema marahaba akitazama jiko. Limi alimpelekea baba yake maji kwenye bakuli. Alipolipokea, maji yalicheza yakamwagika, na bakuli likagonga gonga kwenye meno yake. Sauti hiyo ilisikika mpaka ndani.

"Mkwe bado anakunywa," alisema Bibi Lusia. Hakupunguza sauti. Alishasema tangu posa kwamba kijana huyu hana mikono ya kutunza kitu.

Hapa Asteria angeweza kusema. Nafasi ilikuwa imefunguliwa mbele yake kama mlango. Lakini akisema si pombe, ataulizwa ni nini. Akisema ni nini, kitambaa kitatoka kifuani mwa mama yake, na mbele ya mama yake yeye atakuwa mwanamke aliyeshindwa kutunza hata kitu kimoja.

"Bado," alisema. "Kidogo."

Nje ya ua bakuli liliwekwa chini. Enock alikohoa, akaaga kwa adabu, akaenda kukaa kwa jirani mpaka watu walipokula wakamaliza. Aliporudi hakusema lolote kuhusu hilo, wala usiku ule wala baadaye, na Asteria angependa zaidi ampige.

*

Jua la Jumapili lilikuwa kali mapema. Mtoto alibatizwa akalia kama inavyotakiwa, watu wakapiga vigelegele, na mama, bibi na mama wa bibi wakatoka hadi mlangoni mwa kanisa. Asteria tangu alfajiri alikuwa akitafuta nafasi ya kusema. Mama yake alioga nacho kikining'inia mbele ya macho yake kwenye mlango wa bafu. Alisali nacho. Sasa alikitoa kifuani, kina joto la mwili wake, akakikung'uta. Wanawake wakasogea kuona. Mmoja alisema lesi kama hiyo sasa haipo hata kwa Wahindi Kahama.

Limi aliinua uso wa mtoto juu. Alikuwa anatabasamu.

Asteria alikipokonya. Alikipokonya kwa nguvu, mama yake akayumba.

"Asteria! Unanipokonya?"

"Kina zebaki, mama."

"Kina nini?"

"Zebaki. Kimekamulia dhahabu. Nesi amesema mtoto akiivuta ataharibika, na kufua hakuiondoi. Nilijua tangu juzi."

Bibi Lusia alisimama mikono yake bado iko hewani, imeshika hewa. "Aliyekikamulia ni nani?"

Vichwa vyote viligeuka upande wa wanaume, ambako Enock alikuwa amejitenga mbali na mkwe wake kama ilivyo desturi, ndani ya shati lake moja la kanisani. Asteria angeweza kuhimili aibu yoyote ile isipokuwa ile ya kumwona anainamisha kichwa.

"Ni Baba Limi, mama," alisema. "Na jana nilikudanganya. Hanywi. Tangu Majivu hajagusa pombe. Ile mikono ni kitu hiki." Akakiinua kitambaa, na ni wakati anayasema hayo mbele ya watu ndipo yeye mwenyewe alipoyasikia kwa mara ya kwanza. Kama kitambaa hakiwezi kuwekwa usoni pa mtoto kwa muda wa kufika nyumbani, je, mtu anayeishika zebaki kila siku, mwaka wa ngapi huu? Akashika ukuta wa kanisa.

Bibi Lusia aligeuza uso kutazama ukuta huohuo. Hata hapo hakuvunja heshima. Alisema na mjukuu wake, "Limi, mwambie baba yako aiache hiyo kazi."

Enock alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na kila mtu alikuwa amesikia. Limi alimsogelea akiwa amembeba mtoto. "Baba, bibi anasema uiache kazi."

Enock alichuchumaa, macho chini. "Mwambie bibi nimesikia."

"Bibi, anasema amesikia."

"Na mwambie," Enock alisema, "nikiiacha, mtakula nini."

Limi aligeuka, akafungua mdomo kuupeleka ujumbe, kisha akaufumba. Ulikuwa umeshafika. Bibi Lusia aliutafuna. Alikuwa mwanamke mwenye jibu kwa kila mtu, padri akiwemo, na watu walisubiri jibu lake, nalo halikuja. Jua liliendelea kuwapiga. Mtoto akaanza kulia. Basi ajuza yule akafungua kilemba chake, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya kanisa zima, jambo ambalo hata binti yake hakuwahi kuliona barabarani, akamfunika kitukuu chake kwa kilemba hicho, akatangulia mbele.

Nyumbani, mlangoni, alimfunua. "Lusia," alimwita, kwa jina lake yeye bibi. Waliokuwepo waliitikia. Chakula kilikuwa makande, na waliokula walisifu.

*

Alasiri wageni walipopungua, jirani mmoja alishauri kitambaa kichomwe, maana dhahabu iliyomo itatoka, hata kama ni punje. Sesilia, aliyekuja kumwona mtoto, akasema moshi wake ndio mbaya zaidi. Bibi Lusia alisema kizikwe.

"Na dhahabu iliyomo?" aliuliza Limi.

"Izikwe nacho."

Enock alichimba nyuma ya nyumba. Alichimba kwenda chini kwa namna alivyozoea, pande nne zimenyooka, zaidi ya ilivyohitajika, na hakuna aliyemzuia. Bibi Lusia alisimama upande wa pili wa nyumba, asionane naye, akisikiliza sululu. Asteria ndiye aliyekishusha. Kabla hajakiachia alipitisha kidole kwenye ua moja la lesi, akakumbuka kwamba hatakiwi kukigusa, akakiachia. Enock alifukia. Watu wa Masumbwe wamechimba kila mahali wakitoa dhahabu. Labda hao ndio waliokuwa wa kwanza kuirudisha.

Bibi Lusia aliondoka Jumatatu kwa basi la kwanza. Alimwachia Asteria noti zilizokuwa kifuani, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, mtunze mkwe wangu."

Enock alikuwa amesimama chumbani akipambana na kifungo cha shati. Asteria alimfunga. Alimfunga vyote, kimoja kimoja, kama anamfunga mtoto wa shule, na Enock akamwacha, akitazama juu ya kichwa chake.

"Magesa alisema niende na kitambaa," alisema.

"Najua alichosema. Mimi ndiye niliyekubali."

Alifungua sanduku. Alizitoa zile khanga ambazo hajazivaa, akaziweka pembeni kwa sababu zilikuwa nyepesi. Chini yake kulikuwa na shuka la harusi yao, marekani nzito ya zamani. Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango, akalivuta nyuzi kuona kama limeshikamana. Lilikuwa limeshikamana. Alilitia meno pembeni, akalichana kipande cha kutosha, akakikunja, akampa.

"Nesi alisema kuna glavu," alisema. "Mwombe Magesa akununulie."

"Nitamwomba."

"Lini?"

"Leoleo. Jioni nakuja nazo," alisema Enock, akakitia kitambaa mfukoni na kutoka. Alikuwa anamaanisha, kama alivyomaanisha alipokimbia nyumbani mwanzoni mwa Kwaresima akakunja ule mfuko wa karatasi vizuri na kuurudisha sandukuni.